Umekutwa na kisukari aina ya pili majuzi? Ingia humu tuongee chakula, mazoezi na namba za mashine

mguu_niponye (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kila mara anaingia mtu humu ametoka kupima, sukari iko juu, kapewa dawa na karatasi ya ushauri, na swali lake ni lile lile: sasa nile nini? Majibu anayopata ndiyo yanayomchanganya zaidi. Mmoja anamwambia aache wanga wote kuanzia leo, mwingine anamwambia ale kama kawaida ila chai asitie sukari, wa tatu anamfuata inbox kumuuzia unga wa mizizi. Naomba huu uwe uzi wa kazi. Mimi si daktari, naishi na kisukari aina ya pili miaka kadhaa sasa, na nilichokuja kusema ni kimoja: mashine ya kupimia sukari uliyo nayo nyumbani, ukiitumia kwa mpangilio, itakufundisha kula kuliko orodha yoyote ya vyakula utakayopewa na mtu.

Kwanza tuelewane kwenye namba. Sukari ya asubuhi kabla hujala kitu ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c ikiwa asilimia 6.5 au zaidi, hicho ni kisukari. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa ndipo mtu ahukumiwe. Mashine yako ikisoma kwa mg/dL usiogope ukubwa wa namba, ni zile zile zimezidishwa kwa 18, hivyo 7.0 inasomeka 126. HbA1c ni sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, ndiyo maana kipimo kinaeleza miezi miwili mpaka mitatu iliyopita. Kukirudia baada ya wiki tatu ni kupoteza hela.

Sasa matumizi ya mashine. Wengi wanapima asubuhi tu, wanaona namba, wanafurahi au wananuna, basi. Namba ya asubuhi haikuambii mlo upi ulikuponza. Fanya hivi: chagua mlo mmoja kwa siku. Pima kabla ya tonge la kwanza, kisha pima saa mbili baada ya tonge hilo la kwanza (saa ihesabiwe tangu ulipoanza kula, usingoje umalize). Kwenye daftari andika namba zote mbili, ulichokula, kiasi chake, na ulichofanya baada ya kula. Kula ulivyozoea, usijipendekeze kwa daftari. Namba ikipanda kwa 2 hivi, mlo huo hauna ugomvi na wewe. Ikiruka kwa 5, usiufute bado. Badilisha kitu kimoja tu: punguza wanga nusu, au ongeza mboga, au toka ukatembee, halafu siku nyingine upime mlo ule ule. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia.

Malengo ambayo madaktari wengi huyatumia kwa mtu mzima asiye mjamzito ni 4.4 mpaka 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja mpaka mbili tangu uanze kula. Mzee sana, au mtu mwenye maradhi mengine mazito, hupewa malengo yaliyolegezwa, kwa hiyo muulize anayekutibu la kwako ni lipi.

Na kabla hujajichoma, nawa mikono kwa sabuni ukaushe. Menya chungwa, halafu pima bila kunawa, uone mashine itakavyokutisha. Jua pia kwamba hizi mashine zinaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo 7.9 na 8.3 ni namba moja, usianze kujihoji ulikosea wapi.

Chakula nakuja nacho, ngoja kwanza niwaone waliopo.

jani_kavu

Mleta uzi umeanza vizuri, ila unazunguka. Waambie watu waache wanga, kwisha. Mimi niliondoa mkate, wali, viazi, mahindi, vyote. Sukari ilishuka ndani ya siku chache. Haya mambo ya daftari ni kumpa mgonjwa ruhusa ya kuendelea kula kinachomuua.

mguu_niponye

jani_kavu, sikupingi kwamba wanga ndio unaopandisha sukari baada ya kula kuliko kitu kingine. Hilo halina mjadala, na kupunguza wanga kunasaidia. Ugomvi wangu uko kwenye neno "vyote", kwa sababu mbili.

Ya kwanza, watu hawadumu. Wanakaza mwezi mmoja, wa pili wanarudia mkate kwa hasira. Ya pili ni ya hatari zaidi: hujamuuliza huyo mtu anatumia dawa gani.

zamu_ya_usiku

Naomba nidakie hapo, nafanya kazi wodini na haya ndiyo tunayapokea.

Metfomini peke yake si rahisi ikushushe sukari mpaka uzimie. Lakini kama uko kwenye glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, hizo zinalisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Vivyo hivyo insulini ya sindano. Ukiamka siku moja ukaondoa wanga wote huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kuanguka chini ya 3.9: jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unadunda, unakuwa mkali bila sababu, baadaye unachanganyikiwa. Tiba ya pale pale ni gramu 15 za sukari, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari. Subiri dakika 15, pima, bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula kitu. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, awahishwe hospitali.

Kundi jingine ni dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapaglifloksini na empaglifloksini. Hizo na kufunga kula au kukata wanga kabisa haviendani vizuri, kwa sababu damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata sukari ikionekana ya kawaida. Kwa hiyo jani_kavu, wewe ulifanikiwa, tunashukuru, lakini anayesoma hapa aongee kwanza na daktari wake dozi ipunguzwe kabla hajafanya ulichofanya.

jani_kavu

Hapo kwenye dawa nimekuelewa. Mimi nilikuwa metfomini tu. Ila kwenye wanga bado nimesimama palepale.

mguu_niponye

Simama mkuu, mashine ndiyo itakayoamua 😄

Haya, chakula. Mimi sipimi gramu. Natumia sahani ya upana wa kama sentimita 23, sahani ya kawaida, si ile sinia ya kualikia watu. Nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi: majani ya aina yoyote, kabichi, biringanya, nyanya, matango, bamia. Robo ni protini: samaki, kuku, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, jibini ya soya kwa wasiokula nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Angalia mtego uliopo: viazi, mahindi na ndizi za kupika vinakaa robo ya wanga, hata kama nyumbani mnaviita mboga. Na robo ni robo ya sahani, usipande mlima juu yake.

Maharage, dengu, mbaazi na kunde vina wanga na protini kwa pamoja, lakini vina nyuzinyuzi nyingi, hivyo sukari yake huingia damuni taratibu. Kwa watu wengi hivi ndivyo vitu vya bei ya chini vinavyotulia zaidi kwenye mashine. Vipime mwenyewe.

Kuna jambo wengi hawaliamini mpaka wapime: mpangilio wa kula. Chukua sahani ile ile, uanze na mboga na protini, wanga uumalizie mwisho. Sukari ya saa moja baadaye huwa chini kuliko ukianza na wanga. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2015 uliwapa watu wenye kisukari chakula kile kile kwa mpangilio tofauti, ikaonekana hivyo. Hujaondoa kitu mezani, umebadilisha tu kinachotangulia.

Vinywaji sitavizungusha maneno. Soda, juisi hata ya kukamua nyumbani, chai iliyojaa sukari, hivi huingia damuni haraka kuliko chochote utakachotafuna. Tunda zima kula, kwa kiasi. Tunda lililosagwa na kuchujwa limeacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na glasi moja ina machungwa matatu ambayo usingeyala kwa kikao kimoja. Asali nayo ni sukari. Sukari ya kahawia ni sukari iliyovaa koti.

nusu_sahani

Wakuu mimi ni mgeni kwenye hili, nimeambiwa juzi tu. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Nalala sukari ikiwa 7.1, sijala chochote usiku, naamka ni 8.9. Inatoka wapi? Mke wangu ameanza kunishuku kwamba naamka kwenda jikoni.

mguu_niponye

Mwambie shemeji hujaiba kitu 😄 Inatoka kwenye ini.

Ini ni ghala la sukari. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, na ini hufungulia sukari ili upate nguvu ya kuanza siku. Kwa mtu asiye na kisukari insulini hulidhibiti. Kwetu sisi ini limekuwa sugu, hasa likiwa limejaa mafuta, linaendelea kumwaga. Ndiyo maana namba ya asubuhi huwa ya mwisho kutii. Milo itakaa sawa kwanza, asubuhi itafuata taratibu uzito na mafuta ya ini yakipungua. Kinachosaidia wengi ni kula chakula cha usiku mapema na kidogo, kutembea baada ya mlo huo, na kulala usingizi wa kutosha. Usingizi wa kukatakatika peke yake huongeza usugu wa insulini, yaani mwili kutoisikia insulini vizuri. Kama unakoroma sana na unaamka umechoka, mwambie daktari, huenda pumzi inakatika usingizini, na hiyo inatibika.

nusu_sahani

Ahsante sana mkuu, nimemsomea na kaelewa. Na mazoezi? Mimi goti linasumbua, gym sijawahi kukanyaga.

mguu_niponye

Hapa ndipo penye utamu, tulieni kidogo.

Msuli ukiwa umekaa, sukari huingia humo kwa kufunguliwa mlango na insulini, na mlango wetu ndio mgumu. Lakini msuli unapokaza na kulegea, huleta milango yake juu ya ukuta wa seli bila kungoja insulini. Sukari inaingia hivyo hivyo. Na ukishamaliza, kwa saa 24 mpaka 48 msuli unabaki msikivu zaidi kwa insulini. Ndiyo sababu ushauri wa kitaalamu ni dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na usipitishe siku mbili mfululizo bila kuufanyisha mwili kazi. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako ila ukijaribu kuimba pumzi inakata.

Muda wa kufanya nao una uzito wake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwapima watu wenye kisukari aina ya pili kwa njia mbili: kutembea dakika 30 kwa siku saa yoyote, au kutembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ni zile zile. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa waliotembea baada ya milo, na baada ya chakula cha usiku tofauti ilifika asilimia 22. Mantiki yake ni nyepesi: usiku tunakula wanga mwingi, kisha tunakaa.

Kwa hiyo nusu_sahani, huhitaji gym. Mlo ukiisha, nyanyuka utembee dakika 10 au 15. Goti likigoma, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie kidogo, ushushe, badilisha. Simama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara nyingi uwezavyo, kama goti linaruhusu. Sukuma ukuta kwa mikono. Beba chupa za maji. Misuli mikubwa ni ya mapaja na makalio, ifanyishe hiyo kazi. Na kama kazi yako ni ya kukaa, simama kila baada ya nusu saa ujinyooshe.

Mimi chakula cha usiku kikiisha navaa viatu kabla sijagusa simu. Nikikaa tu kwenye kochi imekwisha.

zamu_ya_usiku

Viatu umenikumbusha. Ndani ya kiatu pitisha mkono kabla hujavaa, kila siku. Kisukari huua hisia za miguu polepole, na mtu anaweza kutembea siku nzima na kijiwe au msumari mdogo asijue mpaka aone damu kwenye soksi. Usiku angalia nyayo, ukishindwa kuinama weka kioo sakafuni. Malengelenge au kidonda kisichouma ndicho cha kukimbiza hospitali.

Na ukishathibitishwa una kisukari aina ya pili, usingoje kuugua: macho yapimwe kwa ndani, mkojo upimwe protini, presha na mafuta ya damu pia. Ugonjwa huu unaweza kuwa umekaa miaka kabla ya kugunduliwa. Mtu mwenye mishipa mibovu nyuma ya jicho hatakiwi kunyanyua vyuma vizito kabla hajatibiwa. Ukitembea ukahisi kifua kinabana, simama na uende ukaonwe siku hiyo hiyo.

chuma_mboga

Wakuu mbona mimi nikinyanyua vyuma sukari INAPANDA? Juzi nilianza na 6.8 nikamaliza na 8.4. Karibu niache.

mguu_niponye

Usiache. Mazoezi makali hutoa adrenalini, na ini linamwaga sukari haraka kuliko misuli inavyoweza kuitumia. Pima tena baada ya saa moja au mbili utaona imeteremka. Vyuma vinajenga msuli, na msuli ndiko sukari inakohifadhiwa, kwa hiyo mara mbili au tatu kwa wiki ni mtaji. Ukitaka ishuke pale pale, malizia kwa matembezi mepesi.

Ila kama umeamka mgonjwa, una homa, au sukari iko juu sana huku unatapika au una kiu isiyoisha, siku hiyo hakuna mazoezi. Hiyo ni siku ya hospitali.

kioo_cha_zamani

Naomba kueleweshwa. Tangu nipunguze wanga naona ukungu, hata simu siisomi vizuri, na nikiwa na 5.8 natetemeka kama sukari imeshuka. Chakula hiki kinaniua?

zamu_ya_usiku

Yote mawili yanajulikana. Sukari ikikaa juu muda mrefu lenzi ya jicho hubadilika, na ikishuka haraka lenzi inabadilika tena. Ukungu huo huisha kwa wiki chache, kwa hiyo usinunue miwani sasa, utaitupa. Lakini ukiona vidoa vyeusi vingi vya ghafla, mimweko, au kama pazia limeshuka jicho moja, hospitali leo.

Kutetemeka kwenye 5.8 ni mwili uliozoea sukari ya juu kudhani umeishiwa. Pima kwanza. Ikiwa kweli iko juu ya 3.9, usinywe soda, kula kitu kidogo chenye protini na utulie. Mwili utazoea. Ukiona unateremka chini ya 3.9, ongea na daktari kuhusu dozi.

mpita_njia

Swali la msingi ambalo watu hawalijibu: KINAPONA? Maana kuna anayeuza kitu anasema siku 21.

mguu_niponye

Wa siku 21 mpe salamu, umwambie alete HbA1c za kabla na baada. Wala usimeze unga usiojua una nini huku unakunywa dawa, baadhi ya hizo dawa za kificho zimewahi kukutwa zimechanganywa na vidonge halisi vya kushusha sukari, na mtu anaanguka bila kujua kilichomwangusha.

Kuhusu kupona, madaktari wanasema kisukari kimetulia pale HbA1c inapokaa chini ya asilimia 6.5 kwa miezi mitatu au zaidi bila dawa ya sukari. Inawezekana, na kuna ushahidi mzuri. Uingereza walifanya jaribio liitwalo DiRECT, likiongozwa na Roy Taylor na Mike Lean, matokeo ya mwanzo yakatoka 2017. Karibu watu 300 wenye uzito mkubwa, waliokutwa na kisukari ndani ya miaka sita na wasiotumia insulini. Nusu yao walipewa supu na vinywaji maalumu vya kama kalori 825 mpaka 853 kwa siku, kwa miezi mitatu mpaka mitano, chini ya uangalizi na dawa zao zikiwa zimesimamishwa. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa wametulia bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 kati ya kila 100. Miaka miwili ikabaki asilimia 36, na wengi ambao kisukari kiliwarudia ni wale ambao uzito nao uliwarudia.

Mimi nasoma mambo mawili hapo. Mafuta ya kwenye ini na kongosho ndiyo yanayotakiwa kuondoka, na kuwahi kunalipa. Aliyekaa na kisukari miaka 15 kongosho lake linaweza kuwa limechoka kiasi kwamba atahitaji dawa hata akila vizuri kuliko sisi wote, na hakuna aibu katika hilo. Msijaribu kalori 800 peke yenu chumbani. Hata kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako kunabadilisha namba.

mpita_njia

Na mimi mwembamba? Kilo 58, napungua tu, nakula sahani yako hiyo hiyo na sukari haishuki.

zamu_ya_usiku

Wewe usipunguze tena chakula. Kuna watu wazima ambao kinga ya mwili inashambulia kongosho polepole, wanaitwa aina ya pili kwa sababu ya umri, kumbe wako karibu zaidi na aina ya kwanza. Omba daktari akupime kingamwili za kongosho, ile ya GAD hasa. Ikiwa ndivyo, utahitaji insulini, na kuchelewa ni hatari. Nenda wiki hii.

mpita_njia

Nimekuelewa, naenda.

nusu_sahani

Mleta uzi mimi stripu zangu ni chache, siwezi kupima milo mitatu. Nianze na upi?

mguu_niponye

Anza na kifungua kinywa. Asubuhi usugu wa insulini huwa juu kwa wengi wetu, na ndio mlo tunaokula bila kufikiri, mkate na chai. Kesho pima, kula unachokula siku zote na uhesabu vipande vya mkate, pima baada ya saa mbili. Keshokutwa toa nusu ya mkate, weka mayai mawili na mboga, chai bila sukari, pima vilevile. Stripu nne tu hizo. Zilete hapa namba zote nne, na jani_kavu naye alete zake.